Sabuni ya Kuogea: Kabla Hujapiga Picha na Kuweka Bei, Soma Pakiti

Naona wengi siku hizi mnaingia kwenye sabuni za kuogea, za kipande na za maji, na nawaelewa. Mtaji wake mdogo. Sabuni haina saizi, hairudishwi kwa sababu imebana kiunoni, na ikiisha mteja anakutafuta mwenyewe. Gauni mtu atalivaa mwaka mzima, ila sabuni kwenye nyumba ya watu watano inaisha ndani ya siku chache tu. Huo ndio utamu wake.

Ila sabuni inagusa ngozi ya mtu, na mwenye ngozi ana namba yako ya simu. Mwenye kibanda sokoni anaweza kusema "mimi nauza tu vilivyopo". Wewe wa mtandaoni huwezi, maana ndiye uliyepiga picha, ndiye uliyeandika "inaondoa chunusi, inang'arisha, matokeo siku saba", na maandishi yako yamekaa kwenye simu ya mteja. Kwa hiyo leo tuongelee kuchagua mzigo: upi uuweke, na upi uukatae hata kama una faida nono.

SWALI LA "INANG'ARISHA?"

Weka sabuni yoyote kwenye stetasi, maswali yatakuja mawili. La kwanza ni bei. La pili ni "inang'arisha?"

Hilo la pili usilijibu haraka. Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa. Kuna mteja anayesema kung'aa akimaanisha ngozi isipauke, isiwe na magamba, asijikune ukatoka unga mweupe. Huyu utamsaidia. Na kuna anayesema kung'aa akimaanisha awe mweupe kuliko alivyozaliwa. Neno moja, bidhaa mbili tofauti kabisa. Mimi huwa namrudishia swali: "Dada, unataka ngozi iwe laini au unataka rangi ibadilike?" Wengi wanasema laini. Wengine wananyamaza, halafu wanaenda kuuliza kwa mtu mwingine. Sawa, waende.

Kwa nini umwache aende na hela ipo? Fikiria namna sabuni inavyofanya kazi. Mtu anajipaka povu, anasugua, anajimwagia maji. Dakika mbili, tatu, basi. Rangi ya ngozi haikai juu kama vumbi la barabarani useme utaisugua itoke. Inatengenezwa na chembe hai zilizoko chini ya tabaka la juu. Kitu kinachokaa mwilini dakika mbili na kuoshwa hakiwezi kufika huko na kubadili rangi, labda kiwe kikali kweli kweli. Kwa hiyo sabuni inayodai kumfanya mtu mweupe ina njia mbili tu. Ama haifanyi kitu, na mteja atakuja kukuita tapeli. Ama inafanya kazi, na hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu humo ndani kuna kitu ambacho hakitakiwi kuwemo.

Mara nyingi kitu chenyewe ni zebaki. Ndiyo, hii hii wanayokamatia dhahabu wachimbaji wadogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba sabuni za kung'arisha zenye zebaki huwa na kama asilimia 1 hadi 3 ya iodidi ya zebaki. Zebaki inaizuia ngozi isitengeneze rangi yake, na wakati huo huo inapenya kuingia kwenye damu, halafu inaenda kuharibu figo. Mambo haya yametokea hapa hapa kwa majirani zetu. Mwaka 1972 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha uchunguzi uliofanyika Nairobi kwa watu wazima wenye ugonjwa wa figo, ule wa kuvimba mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanatumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Hizo zilikuwa krimu, siyo sabuni, ila zebaki ni ile ile.

Kwenye pakiti hutakuta neno "zebaki". Tafuta maandishi haya: mercury, Hg, mercuric iodide, mercurous chloride, calomel, ammoniated mercury, cinnabaris. Yapige picha yakae kwenye simu yako. Na kuna dalili moja ambayo hata kama kemia ilikushinda darasani utaikamata: pakiti inayomwonya mtumiaji bidhaa isigusane na dhahabu, fedha, aluminiamu au mapambo. Zebaki inashikana na madini hayo. Sasa jiulize, sabuni ya kuogea inaogopa hereni kwa nini?

Pia ujue kwamba hili siyo suala la Tanzania peke yetu. Kuna mkataba wa dunia unaoitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambako watu waliumia vibaya kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kufanya kazi 2017, na Tanzania tumo. Mwanzoni ulikuwa unakataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, mwisho ukiwa 2020. Mwaka 2023 nchi zikakaza zaidi: kipodozi chochote kilichowekewa zebaki, hata kidogo, mwisho wake 2025. Kwa hiyo ukiambiwa na mtu wa jumla "hii ina zebaki kidogo tu, haina shida", ujue anakuuzia kesi.

Zebaki haiko peke yake. Hapa nchini viambata vilivyokatazwa kwenye vipodozi ni pamoja na haidrokwinoni (kwenye pakiti utaona hydroquinone), dawa za jamii ya steroidi kama clobetasol na betamethasone, halafu bithionol na hexachlorophene. Hii ya mwisho zamani iliwekwa kwenye sabuni na poda kwa kazi ya kuua vijidudu. Ufaransa mwaka 1972 poda ya watoto ilichanganywa na hexachlorophene nyingi kwa makosa kiwandani, wakafa watoto 36. Poda tu ya kupaka mtoto. Ndiyo maana nasema usidharau maandishi madogo ya nyuma.

Halafu jambo linalowachanganya wengi. Tangu mwaka 2019 vipodozi havisimamiwi tena na TFDA. Kazi ya chakula na vipodozi ilihamia TBS, na ile TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Bado naona watu wanaandika "imethibitishwa na TFDA" kwenye matangazo yao. Ukikuta mzigo umetengenezwa mwaka huu halafu una maneno hayo, shtuka.

Mtu ataniambia, "Kaka, lakini faida?" Tufanye hesabu basi. Tuseme sabuni ya kawaida inakupa faida ya shilingi 300 kwa kipande, na hiyo ya kung'arisha inakupa 5,000. Mteja wa sabuni ya kawaida akichukua vipande vinne kila mwezi, kwa mwaka ni vipande 48, faida 14,400 kutoka kwa mtu mmoja, na mwakani yupo, na dada yake yupo. Wa kung'arisha atanunua mara mbili, umepata 10,000. Mara ya tatu uso umeshakuwa na mabaka, vidole vimebaki vyeusi kwenye maungio, na anakutumia picha saa tano usiku akitaka umrudishie rangi yake. Utamrudishia nini?

SASA TUCHAGUE ZA KUWEKA

Sabuni ya kipande ya kawaida ni mafuta yaliyochemshwa au kuchanganywa na kostiki soda. Vikikutana vinazaa sabuni na glisirini. Hakuna uchawi zaidi ya huo. Shida ni kwamba sabuni ya namna hii haiwezi kukwepa ukali fulani. Kuna kipimo kinaitwa pH: maji safi yako kwenye 7, vitu vichachu kama ndimu viko chini ya hapo, vitu kama magadi viko juu. Ngozi yetu yenyewe ina uchachu kidogo, iko karibu na 5. Sabuni nyingi za kipande ziko 9 mpaka 10. Kwa hiyo kila ukioga unaivuta ngozi upande wa magadi, na yenyewe inahangaika kurudi. Mwenye ngozi ya mafuta haoni shida. Mwenye ngozi kavu, mzee na mtoto mchanga wanaiona.

Hapa Songea hilo lina msimu wake. Tuko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba upepo wa baridi ukianza, miguu inapauka kama umepita kwenye mashine ya kusaga. Watu wanaoga maji ya moto sana, wanasugua kwa nguvu, halafu wanalalamika sabuni mbaya. Na miezi hiyo hiyo ndiyo mahindi yanatoka shambani na watu wanashika hela. Ukiwa na akili ya biashara, mwezi wa tano mwishoni uwe tayari na sabuni laini: zenye glisirini, zenye mafuta ya ziada, zisizo na harufu kali. Uuze pamoja na mafuta ya kupaka, na umwambie mteja apake mwili ukiwa bado na unyevu, asisubiri ukauke kabisa. Maelezo hayo ya bure ndiyo yatafanya aione sabuni yako nzuri. Wakati wa mvua na joto, wale wa bodaboda na wacheza mpira hawahitaji hayo, sabuni ya kawaida yenye povu zuri inawatosha.

Kuna vipande ambavyo kwa kweli siyo sabuni, ingawa tunaviita hivyo. Vimetengenezwa kwa visafishaji vingine vyenye pH ya chini, karibu na ya ngozi. Dove ya kipande ni mfano. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1957, na ukiisoma pakiti yake utaona haijiiti sabuni. Vipande vya aina hii bei yake iko juu, lakini vina faida nyingine: havigombani na maji ya chumvi. Kama unatuma mizigo mikoani, muulize mteja anatumia maji gani. Mtu wa Dar anayeoga maji ya kisima yenye chumvi atakwambia sabuni yako haitoi povu, inaacha utando kama maziwa yaliyoganda. Sabuni haijaharibika, ni maji. Mwambie kabla hajanunua, siyo baada.

Kwenye baadhi ya pakiti, hasa zinazotoka India, utaona herufi TFM na asilimia. Hiyo inakwambia mafuta ya sabuni yenyewe ni kiasi gani kwenye kipande. Wahindi wanagawa madaraja: la kwanza kuanzia 76, la pili 70, la tatu 60. Kipande cha TFM ndogo kimejazwa vitu vingine, kinalainika haraka kwenye kisahani na kuisha. Ukiwa na vipande viwili vya gramu sawa na bei sawa, TFM itakusaidia kuchagua, na itakupa kitu cha kweli cha kuandika kwenye tangazo badala ya "bora kabisa".

Na sabuni ya mche? Watu wanaogea, tusidanganyane. Usimcheke mteja. Imetengenezwa kwa ajili ya nguo, na mtu mzima mwenye ngozi ngumu anaweza kuoga nayo miaka asione kitu. Ila mama akikwambia mwanawe mchanga ana vipele na anamwogeshea mche, hapo mpe sabuni isiyo na manukato wala rangi, kipande kidogo tu. Kichanga hana uchafu wa kusuguliwa hivyo. Sabuni zenye picha ya mtoto siyo zote laini, zingine ni manukato matupu. Geuza usome.

Sabuni za maji za kuogea, hizi shawa jeli, zinapendeza kwenye picha na faida yake ni nzuri. Lakini jua mteja wako anaogaje. Anayeoga kwa ndoo na kopo, maji kayabeba mwenyewe, jeli inamsumbua: inateleza, inataka maji mengi kuisha mwilini. Huyo atanunua mara moja kwa sababu ya harufu, harudi tena. Jeli muuzie mwenye bomba la mvua, wageni wa nyumba za kulala, na zawadi za sendoff. Ukiiuza pamoja na dodoki au sponji itatumika kidogo kidogo. Dodoki nalo lina masharti, lianikwe likauke kila siku na libadilishwe likianza kunuka, maana linalokaa bafuni limelowa ndilo linafuga vijidudu kuliko sabuni yenyewe. Kuhusu kipande kinachotumiwa na watu wengi, mwaka 1988 watafiti walipaka vijidudu makusudi kwenye vipande vya sabuni na kuwanawisha watu 16, hawakukuta vimehamia kwenye mikono. Kikae tu kwenye kisahani chenye matundu. Hicho kisahani nacho ni bidhaa, kiweke kwenye oda.

"INAUA VIJIDUDU ASILIMIA 99"

Hizi zinauzika zenyewe, sina ugomvi nazo. Ila usimuuzie mtu kwa kumtisha kwamba sabuni ya kawaida haisafishi. Sabuni ya kawaida na maji inaondoa vijidudu kwa kuviteleza vikaenda na maji. Mwezi wa 9 mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambata 19, triklosani ikiwemo, kwenye sabuni za kunawa na kuogea za watu wa kawaida, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji, wala kwamba ni salama kwa kutumia kila siku miaka yote. Ukitaka kujua yako inayo, tafuta triclosan nyuma ya pakiti.

Kosa kubwa zaidi ninaloliona ni kuandika "inatibu". Inatibu fangasi, inatibu upele, inatibu pumu ya ngozi. Ukiandika "inatibu" umetoka kwenye vipodozi, umeingia kwenye dawa, na huko kuna TMDA na sheria nyingine. Halafu siyo kweli. Upele ule wa kuambukizana, unaowasha usiku katikati ya vidole, unasababishwa na mdudu anayechimba ndani ya ngozi. Anahitaji dawa ya kupaka kutoka hospitali au duka la dawa, nyumba nzima itumie kwa pamoja, na nguo na mashuka yafuliwe. Sabuni haimfikii. Januari shule zikifunguliwa, wazazi wa Songea Boys na Songea Girls wanaagiza vifaa vya bweni kwa wingi, na ni msimu mzuri sana wa kuuza kifurushi cha sabuni, dodoki na mafuta. Uza. Lakini mzazi akisema mtoto karudi likizo anajikuna na wenzake wanajikuna, usimpe sabuni ya salfa ukamwambia atapona. Mpeleke zahanati. Mtoto akipona, huyo mzazi hatakusahau.

Nyingine ambayo inauzwa sana inboksi kuliko hadharani ni sabuni za "kule ndani", za kubana na kuondoa harufu kwa akina mama. Niseme wazi ingawa mimi ni mwanaume na najua kuna watakaonuna. Madaktari wanasema uke unajisafisha wenyewe kwa ndani. Una uchachu wake na bakteria wake wazuri wanaoulinda, na ukiingiza sabuni unawaua, na kinachofuata ni harufu zaidi na maambukizi. Nje maji yanatosha, au sabuni laini isiyo na manukato. Mwenye harufu isiyo ya kawaida, uchafu au muwasho aende hospitali. Bidhaa hizo mimi siweki, na sioni muuzaji makini anaziweka kwa maelezo gani.

SABUNI ZA KUTENGENEZA WENYEWE

Mjini hapa kuna akina mama na vijana wengi wanatengeneza sabuni za maji, na ni wateja wenu na wauzaji wenu. Tofautisheni kitu kimoja. Ile ya sulfoniki, slesi, soda eshi na chumvi ni ya vyombo na sakafu. Kuiongeza pafyumu ya waridi na rangi ya pinki haifanyi iwe ya kuogea. Ukinunua kwa mtengenezaji ili uuze, muulize ametengeneza kwa ajili ya nini, na ametumia soda kiasi gani kwa kipimo gani. Akikujibu "nakadiria kwa macho", chukua ya vyombo, uiite ya vyombo. Vivyo hivyo kwa vipande vya manjano, mkaa, mlonge na asali: kama kostiki imezidi mafuta, kipande kitaunguza hata kama juu kimeandikwa "asili". Na kipande cha kostiki hakiuzwi kikiwa kibichi, huachwa wiki kadhaa kikomae. Manjano na asali zenyewe sizipingi, ila kumbuka zile dakika mbili. Vinatoka na maji.

Jambo lingine ni chupa. Acheni chupa za soda na za maji ya kunywa. Mtoto akiona chupa ya soda yenye kitu cha rangi ya chungwa hatauliza.

Mnaotengeneza vizuri, nendeni SIDO. Wana ofisi hapa mkoani, wanafundisha, na barua yao ya utambulisho ndiyo inakufungulia njia TBS, ambao wamekuwa wakiwapunguzia wajasiriamali wadogo mzigo wa gharama za kuanzia ili wapate alama ya ubora. Na nyie mnaouza tu, ulizeni TBS kuhusu usajili wa duka la vipodozi, hata kama duka lako ni kabati la chumbani na simu. Sabuni ya kuogea wanaihesabu kwenye vipodozi.

Kabla hujalipa mzigo wa jumla, shika kipande mkononi. Angalia kama kuna jina la mtengenezaji na nchi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, namba ya toleo, orodha ya viambata. Kisichokuwa na orodha ya viambata kirudishe, hata kikinukia vipi. Maandishi yaliyokosewa kwenye jina la brandi inayojulikana, rangi iliyofifia, bei iliyo nusu ya bei ya watu wote, hiyo ni feki, na feki ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Halafu hii ya msimbo wa mistari: inayoanza na 620 ni namba iliyotolewa Tanzania, 616 ni Kenya. Inakwambia namba ilisajiliwa wapi. Haisemi sabuni ni nzuri. Nimeona watu wanaandika "620, kitu og" kama vile ni cheti.

Kwenye tangazo, andika vitu unavyoweza kuvithibitisha ukipigiwa simu: gramu, TFM kama ipo, ina manukato au haina, inafaa ngozi kavu au ya mafuta, inaisha tarehe ngapi. Tahadharisha ajaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, siku moja, hasa mwenye ngozi inayodhurika haraka. Picha za kabla na baada, achana nazo. Nyingi ni za kuokota mtandaoni, na ikiwa ni za mteja wako kweli, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu siyo yako kuitumia bila ridhaa yake.

Nyumbani usihifadhi sabuni pamoja na mchele na unga. Unajua mwenyewe ugali wenye harufu ya sabuni ulivyo. Kaa nazo pakavu, mbali na bati la moto, zile za zamani zitangulie kutoka.

Mzigo wa Tunduru, Mbinga au Mbamba Bay unaokwenda kwa basi, chupa za maji zitakuaibisha usipozifunga. Fungua kifuniko, weka kipande cha nailoni kwenye mdomo wa chupa, kaza kifuniko juu yake, zungushia selotepu, halafu chupa isimame katikati ya boksi ikizungukwa na magazeti. Vipande viwe pembeni, visichanganywe na nguo ya mteja mwingine. Piga picha boksi likiwa wazi, mtumie mteja na namba ya gari, na mwambie alifungue pale pale kwa wakala kabla hajasaini.